Makao ya askari wazee vijijini: tuanze na umbali

Marekani ina makao ya majimbo zaidi ya 150 yanayowatunza askari wa zamani waliozeeka au kulemaa, na mbali na hayo kuna vituo vingine zaidi ya 100 vinavyoendeshwa moja kwa moja na Idara ya Maveterani ya serikali kuu. Ukiyatazama kwa idadi, ni mtandao ambao nchi nyingi zingeutamani. Lakini karibu robo ya askari wa zamani wa nchi hiyo, watu zaidi ya milioni 4, wanaishi vijijini, na kwao mtandao huo uko mbali. Msimamo wangu ni huu: kosa kubwa katika usanifu wa makao haya hufanyika kabla ya mchoro wa kwanza kuchorwa, pale jimbo linapoamua kukusanya vitanda 100 au 200 mahali pamoja na kuwataka wazee wa jimbo zima wavifuate. Makao ya vijijini yanapaswa kuwa madogo, yawe mengi, na yajengwe ubavuni mwa hospitali ndogo ambazo vijiji hivyo tayari vinazo. Bustani, rangi za kuta na mnara wa bendera vitafuata baadaye.

Chanzo cha jengo kubwa kinaeleweka. Machi 1865, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya kuanzisha makao ya taifa kwa askari wa kujitolea waliolemazwa na Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe, na mwaka uliofuata tawi la kwanza likafunguliwa Togus, katika jimbo la Maine. Waliopokelewa wengi walikuwa vijana waliopoteza mguu, mkono au afya, wasio na familia ya kuwabeba. Waliopanga makao hayo wakawajengea kitu walichokizoea, yaani kambi, yenye mabweni, bwalo na sare. Kwa kijana wa aina hiyo kambi ilikuwa na mantiki yake. Mkazi wa leo ni mtu mwingine kabisa. Ni mzee wa Vita ya Vietnam anayekaribia miaka 80 au ameshaivuka, aliyerudi kwao, akaoa, akalima au akaendesha lori kwa miaka 40, na sasa kumbukumbu inampotea au hawezi kutoka kitandani bila kushikwa. Sare aliivaa miaka miwili au mitatu. Miaka 50 iliyofuata alikuwa baba, jirani na muumini wa kanisa fulani katika mji fulani mdogo. Jengo linalomrudisha kambini linaenzi sehemu fupi ya maisha yake na kuitupa iliyobaki.

Kinachoifanya kambi iendelee kujengwa ni utaratibu wa fedha. Serikali kuu hulipa hadi asilimia 65 ya gharama za kujenga makao ya jimbo, na jimbo hutoa asilimia 35. Maombi hupangwa kwa orodha ya vipaumbele, na jimbo lililokwishatenga sehemu yake hutangulia. Mpango huu umejenga mengi mema na sitaki uvunjwe. Ila una tabia yake. Kila ombi linadai kiwanja, tathmini ya mazingira, michoro, azimio la bunge la jimbo, kisha kusubiri foleni ambayo inaweza kuchukua miaka. Jimbo linalojua kwamba litapata nafasi moja katika muda mrefu haliwezi kuomba nyumba ndogo katika kaunti tatu tofauti. Litaomba jengo moja kubwa, kwa sababu foleni ni ileile na jasho ni lilelile. Ukubwa wa makao unaamuliwa namna hiyo, bila mtu kuuliza mzee anaishi wapi na nani atakayemtembelea.

Tazama Montana. Eneo lake ni kilometa za mraba 380,000 hivi, zaidi ya theluthi moja ya Tanzania, lakini wakazi wake ni milioni 1.1 tu, pungufu ya wakazi wa Temeke, Dar es Salaam. Makao ya askari yako matatu: Columbia Falls, yaliyofunguliwa mwaka 1896 upande wa kaskazini magharibi, Glendive, mashariki, na Butte, kusini magharibi, yaliyofunguliwa mwaka 2021. Kutoka Columbia Falls hadi Glendive ni karibu kilometa 900 kwa gari. Katikati kuna maeneo makubwa ambayo mzee wake hana makao ya karibu upande wowote. Zamani pengo hilo lilizibwa na nyumba za kawaida za matunzo katika miji midogo, ambazo Idara ya Maveterani huweza kuingia nazo mkataba. Lakini katika mwaka 2022 peke yake, nyumba 11 za namna hiyo zilifungwa Montana. Sheria ya mwaka 1999 inaiwajibisha Idara kumpa au kumlipia matunzo ya makao askari ambaye ulemavu wake uliotokana na utumishi umepimwa kufikia asilimia 70 au zaidi. Haki hiyo ipo na ni ya maana, lakini katika kaunti isiyo na kitanda hata kimoja haki hiyo humtaka mzee ahame.

Wapangaji wengi huuchukulia umbali kama usumbufu kwa familia tu, jambo la kusikitisha ambalo halihusiani na tiba. Hapo ndipo wanapokosea. Ndugu anayefika mara tatu kwa wiki ndiye anayegundua kwamba mzee hajavalishwa kifaa chake cha kusikia tangu Jumatatu, kwamba sahani inarudi jikoni kama ilivyokuja, kwamba kisigino kimeanza kuwa chekundu na kesho kutwa kitakuwa kidonda. Hakuna mkaguzi wa serikali anayeweza kufika mara nyingi kiasi hicho. Kwa mzee anayepoteza kumbukumbu, sauti ya mke ndiyo inayomfanya akubali kula na kuoga bila kupigana na wahudumu. Sasa fikiria mke huyo ana miaka 78, haendeshi gari usiku, na barabara ya kwenda makaoni imejaa theluji na barafu kuanzia Novemba. Kilometa 30 atazimudu, tena mara nyingi. Kilometa 300 zitamfikisha huko Krismasi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo kiwanja kilicho mbali kinapunguza ubora wa matunzo moja kwa moja, na hakuna mbunifu awezaye kuurudisha kwa madirisha mazuri.

Tena kanuni za makao yaliyojengwa kwa ruzuku hii zinataka robo tatu ya wakazi wawe askari wa zamani, na nafasi zinazobaki zinaweza kuchukuliwa na wenza wao, au wazazi wa askari waliofia jeshini. Ni kanuni ya kibinadamu, lakini michoro mingi haijaitambua. Vyumba hupangwa kwa mtu mmoja mmoja au kwa wageni wawili wasiojuana. Vyumba viwili vinavyotazamana kwa mlango wa ndani, kimoja kikiwa na kitanda cha kunyanyuka kwa umeme na kingine kitanda cha kawaida, vingewawezesha mume na mke waliolala pamoja miaka 55 kuendelea kuishi hivyo hata kama ni mmoja tu anayehitaji uuguzi. Nashangaa kwamba jambo rahisi kiasi hiki bado ni nadra.

Tukishakubaliana kuhusu mahali, tuingie ndani. Mwaka 2003, katika mji wa Tupelo, Mississippi, nyumba za kwanza za mtindo unaoitwa Green House zilifunguliwa kwa fikra za daktari Bill Thomas. Kila nyumba ilikuwa na wakazi wapatao 10, kila mtu chumba chake na bafu lake, na katikati jiko la wazi, meza moja ndefu na sebule. Hakukuwa na ukumbi mrefu wala kaunta ya wauguzi iliyoinuliwa. Mhudumu yuleyule anapika, anaogesha, anafua, anaketi mezani na wazee. Timu ya Rosalie Kane wa Chuo Kikuu cha Minnesota iliwalinganisha wakazi hao na wa nyumba za kawaida, ikaona ubora wa maisha yao ni bora katika mambo mengi na uwezo wao wa kujihudumia ulipungua polepole zaidi. Uchunguzi mwingine wa baadaye ulionyesha kwamba mkazi alipata zaidi ya dakika 20 za ziada za huduma ya ana kwa ana kwa siku, bila jumla ya saa za wafanyakazi kuongezeka. Siri iko kwenye ramani. Katika jengo la kumbi ndefu mhudumu anatumia sehemu kubwa ya zamu yake akitembea, akisukuma mikokoteni ya chakula, akiwapeleka watu bwaloni na kuwarudisha. Mlango wa chumba ukiwa hatua kumi kutoka jikoni, muda huo unarudi kwa mzee. Na mzee anayeona choo chake akiwa kitandani hukumbuka kukitumia. Akilazimika kukitafuta nyuma ya mlango uliofungwa, anachelewa, anajikojolea, anavalishwa nepi, na ndani ya miezi michache anahesabiwa kuwa mtu asiyeweza. Nakiri kwamba familia zinazochagua nyumba ndogo huenda zinatofautiana na nyingine, na ni vigumu kwa watafiti kuondoa kabisa athari hiyo. Lakini mwelekeo wa ushahidi ni mmoja.

Ushahidi mzito zaidi ulikuja na korona. Machi 2020, katika makao ya askari ya Holyoke, Massachusetts, jengo la mwaka 1952, uhaba wa wafanyakazi ulisababisha wodi mbili za wazee wenye maradhi ya kumbukumbu ziunganishwe kuwa moja. Vitanda vikasogezwa karibu, wagonjwa na wasio wagonjwa wakachanganyika. Askari wasiopungua 76 walikufa kwa ugonjwa huo. Uongozi ulilaumiwa, na ulistahili. Hata hivyo uamuzi huo uliwezekana kwa sababu jengo liliuruhusu: wodi za kuchangia, vyoo vya kuchangia, hewa ya kuchangia. Utafiti ulioongozwa na Sheryl Zimmerman kuhusu mwaka huohuo ulikuta maambukizi na vifo vichache zaidi katika nyumba ndogo kuliko katika makao ya kawaida. Huwezi kuunganisha wodi ambazo hazipo.

Mwili na akili ya askari vina mahitaji yake ambayo nyumba ya wazee ya kawaida haiyajui. Kutosikia vizuri na kuvuma kwa masikio ni miongoni mwa maradhi yanayoongoza katika ulemavu unaotambuliwa kuwa umetokana na utumishi wa jeshi. Kwa hiyo dari ngumu na sakafu inayorudisha mwangwi ni kosa la kitabibu: mzee hasikii anachoambiwa mezani, anaacha kwenda mezani. Waliopulizwa Agent Orange, dawa ya kuua mimea, huko Vietnam wanaangukia katika orodha ya magonjwa yanayokubaliwa bila kudaiwa ushahidi zaidi, yakiwamo Parkinson, kisukari cha aina ya pili na maradhi ya mishipa ya moyo. Mtu wa Parkinson miguu yake hugoma mlangoni, hasa pale sakafu inapobadilika rangi au pana kizingiti. Mwenye kisukari anaweza kukatwa mguu baadaye, hivyo reli ya kumnyanyulia iwekwe darini tangu siku ya ujenzi. Aliyebaki na kiwewe cha vita hataki kukaa akiupa mlango mgongo, na usiku anastushwa na kengele za wito, taa zinazowashwa ghafla, na mtu anayemgusa akiwa usingizini. Viti vipangwe vikiegemea ukuta, kengele ziite kwenye simu ya mhudumu badala ya kulia ukumbini, na mlango wa chumba uwe na nafasi ya mhudumu kusimama na kuita jina kabla ya kukaribia. Montana ina maeneo saba ya makabila ya asili, na watu wa makabila hayo wamekuwa wakijiunga na jeshi kwa wingi kuliko uwiano wao katika taifa. Wengi wao hufukiza majani makavu katika ibada na maombolezo. Chumba kimoja chenye feni ya kutoa moshi na kitambuzi cha moto kinachoweza kusimamishwa kwa muda kinagharimu kidogo, na bila chumba hicho mzee anaambiwa kimyakimya kwamba sala yake ni hatari ya moto.

Hoja ya kwanza dhidi ya haya yote ni gharama, na ina ukweli ndani yake. Chumba cha peke yake na bafu lake kinahitaji eneo kubwa zaidi kwa kila mkazi, na kitanda kimoja cha nyumba ndogo mara nyingi hugharimu zaidi kukijenga. Lakini wanaoitoa hoja hii hugawanya gharama ya ujenzi kwa vitanda vilivyochorwa, wakati hesabu ya kweli ni vitanda vinavyolaliwa. Makao makubwa ya vijijini yanapokosa wahudumu hufunga upande mmoja wa jengo, kisha yanaendelea kuupasha joto, kuulinda na kuukarabati. Isitoshe, jengo huishi miaka 50 au zaidi, na fedha za mishahara katika muda huo huzizidi mno za saruji. Dakika 20 za mhudumu zinazookolewa kila siku kwa kila mkazi zina thamani ambayo haionekani kwenye zabuni.

Hoja ya pili ndiyo nzito kuliko zote: vijijini hakuna wahudumu, sasa nyumba nyingi zitaendeshwa na nani? Tufanye hesabu. Tukichukua saa nne za huduma kwa kila mkazi kwa siku, makao ya watu 150 yanahitaji zamu 75 za saa nane kila siku, na kwa wiki ya kazi ya siku tano ni watu zaidi ya 100, kabla ya kuhesabu wapishi na mafundi. Hakuna mji wa watu 3,000 unaoweza kuwatoa. Nyumba mbili za watu 12 zinahitaji zamu 12, yaani watu 17 hivi, na mji mdogo unaweza kuwapata miongoni mwa watu wake, wengi wakiwa wanamfahamu mzee tangu akiwa na nguvu zake. Wasomaji wetu walioko Minnesota, Massachusetts au Texas, ambao wengi wao au ndugu zao wanaishi kwa kazi hii ya kulea wazee, wanajua kwamba hata wakiwa tayari kuhamia kijijini, kikwazo cha kwanza ni nyumba ya kupanga, ambayo haipo. Mpango wa makao ya vijijini usio na nyumba za wahudumu ndani ya bajeti yake haujakamilika. Ruzuku ya ujenzi iruhusiwe kujenga hizo nazo.

Ndani ya hoja hiyo kuna tatizo ambalo watetezi wa nyumba ndogo, wenzangu, hulipita haraka. Kanuni zinataka muuguzi mwenye leseni awepo saa 24. Nyumba moja ya watu 12 porini haiwezi kubeba mshahara wa wauguzi wa zamu zote, na usiku mhudumu mmoja hawezi kumgeuza mzee wa kilo 110 peke yake. Ndiyo maana nasisitiza hospitali. Tangu sheria ya mwaka 1997, Marekani ina daraja la hospitali ndogo za vijijini zisizozidi vitanda 25, zinazotakiwa kuwa na huduma ya dharura usiku na mchana, na ziko zaidi ya 1,300. Jenga nyumba mbili au tatu ubavuni mwa hospitali ya namna hiyo, ziunganishwe kwa njia iliyoezekwa. Muuguzi wa usiku atazizungukia zote, jenereta itakuwa moja, famasia moja, dobi mmoja, na mzee akianguka saa nane usiku huduma ya dharura iko umbali wa kutembea. Hospitali nayo, ambayo mara nyingi inapigania uhai wake, itapata mapato ya kudumu. Butte walichagua mtindo ninaoutetea, nyumba tano za watu 12 kila moja, nami nawapongeza. Lakini zote tano ziko kiwanja kimoja. Nyumba zilezile zingegawanywa mbili hapa na tatu kule, karibu na hospitali ambazo zingezilea, zingewafikia watu wa sehemu mbili za jimbo.

Wapo pia wanaosema makao hayahitajiki tena, kwa kuwa mzee anaweza kutunzwa nyumbani na kumwona daktari kwa video. Naunga mkono kila mpango wa kumbakiza mtu kwake muda mrefu iwezekanavyo. Programu iliyoanzia Arkansas mwaka 2000, ambapo familia humpokea askari mgonjwa ndani ya nyumba yao, wasiozidi watatu kwa nyumba, huku timu ya Idara ya Maveterani ikiwatembelea, ni miongoni mwa mambo bora yaliyobuniwa. Kwa miaka mingi askari alijilipia mwenyewe; sheria iliyotiwa saini Januari 2025 imeiruhusu Idara kuwalipia baadhi yao, na idadi hiyo inafaa kupanuliwa. Ila video haimwogeshi mtu wala haimgeuzi kitandani. Watoto wa vijijini wamehamia mijini, mke amechoka au ametangulia, na inafika siku ambapo mtu anahitaji mikono miwili kila saa. Siku hiyo ikifika, kitanda kiwe karibu. Na kwa wale wanaosema nyumba ndogo haina hadhi ya kumbukumbu ya taifa, wajenge mnara uwanjani. Mzee wanayemheshimu anahitaji bafu lake mwenyewe.

Yanayotakiwa kufanywa hayahitaji ugunduzi wowote. Bunge la Marekani liruhusu ombi moja la ruzuku libebe viwanja kadhaa vidogo, vikihesabiwa kuwa makao mamoja yenye uongozi mmoja, ili jimbo lisilazimike kupanga foleni mara tatu. Orodha ya vipaumbele iongeze alama kwa umbali utakaopunguzwa kati ya mzee na kitanda, ukipimwa kwa saa za barabarani wakati wa theluji. Kila jimbo, kabla ya kumwita mbunifu, lichukue anuani za askari wake wenye umri wa miaka 70 na zaidi, lizipange kwenye ramani pamoja na hospitali zake ndogo, kisha litafute ni viwanja vingapi vinavyotosha kumweka kila mmoja ndani ya saa moja ya gari kutoka kwake. Baadhi ya kaunti hazitafikiwa hata hivyo, na huko familia za kupokea wazee zipewe fedha kwanza. Idara ya Maveterani tayari ina mwongozo wake wa usanifu wa nyumba ndogo. Iuwekee sharti: jimbo litakaloomba ruzuku kwa jengo la vitanda zaidi ya 60 vijijini lieleze kwa maandishi kwa nini vitanda hivyo haviwezi kugawanywa, na maelezo hayo yasomwe na wazee wenyewe kabla fedha hazijatoka.

Kundi la Vietnam, lililo kubwa kuliko yote yanayongojea vitanda hivi, halina miaka mingine kumi ya kusubiri. Jimbo linaloanza kuchora leo lichore kwa ajili yao.